Saa Kumi na Tisa

Jana magharibi, saa ambayo mtu mwenye akili zake halali, Somoe Chitete alilala, na alipolala akaota. Asije mtu akasema hakuonywa. Mama yake alimkanya tangu utotoni, shangazi zake walimkanya, na hata mwenye nyumba wake, Mama Sikudhani, alipomwona anaingia chumbani na viatu mkononi, alimwambia, "Jua linazama hilo, mwanangu, kaa kwanza." Somoe akasema ananyoosha mgongo tu. Alikuwa ametoka kazini hoi, na mgongo ulipofika kitandani, macho nayo yakafuata.

Kazi yake yenyewe ni hii. Yuko kwenye mradi wa tembo. Kuna tembo mmoja jike ambaye watu wa kijijini kwao humwita Bi Harusi, kwa kuwa hatembei bila msafara, naye amefungwa mkanda shingoni. Ndani ya mkanda mna betri na kidude kidogo chenye laini ya simu. Mafundi hukiita moduli. Bi Harusi akisogelea mashamba, moduli huwapigia simu wenye mashamba.

Shida ya moduli ni tumbo. Ikikaa macho usiku na mchana inamaliza chaji yote, na tembo hakamatwi kila mwezi abadilishiwe betri. Kwa hiyo hulazwa. Kuna usingizi mzito, ambao moduli haili karibu chochote na haisikii chochote. Kuna usingizi wa mang'amung'amu, sikio moja liko wazi, ikiitwa inaitika, na hula kidogo tu. Halafu kuna kuwa macho, na hapo ndipo inapokula. Ikiwa mbali na mnara, ikabidi ipaze sauti ndipo isikike, inakula mara dufu.

Saa za kulala na za kuamka alizipanga Somoe mwenyewe, jana hiyo hiyo. Alimpigia baba yake, Mzee Chitete, anayelinda mahindi yake juu ya dungu, kibanda chake cha nguzo ndefu, akamuuliza tembo huanza kushuka saa ngapi na huondoka saa ngapi. Mzee akamtajia, yeye akaandika huku wanaongea.

"Leo lala, baba," alimwambia. "Usikeshe tena. Mkanda utakupigia."

"Na wenyewe huo mkanda hausinzii?" mzee aliuliza.

"Unasinzia kwa ratiba."

Mzee alicheka, akasema basi na yeye atasinzia kwa ratiba. Hiyo ndiyo habari nzima ya kabla ya usingizi. Sasa ndoto.

Somoe anaamka na kiu. Anafungua mlango aende akanywe maji, na nje ukumbi haupo. Kuna bweni. Ni bweni refu, vitanda vya chuma vya juu na chini, harufu ya uji ulioungua, sawasawa na la shule aliyosoma, ila madirisha yake yako juu kidogo. Hakushangaa. Aliwaza tu kwamba amechelewa.

Mlangoni amesimama matroni. Ni mrefu mpaka kichwa kimetoboa paa, na huko juu inaonekana taa nyekundu ikiwaka na kuzimika. Somoe anamjua mara moja. Ni mnara wa simu.

"Jina," mnara unasema.

"Somoe Chitete."

"Sikuulizi la kwenu. La laini."

Somoe anajipapasa. Shingoni ana mkanda mpana, mzito, na penye koo pamechongwa namba. Anaisoma kwa vidole. Mnara unaridhika.

"Sheria unazijua?"

"Nilizitunga mimi."

"Vizuri. Basi hutasumbua watu."

Wakaanza kupita katikati ya vitanda. Upande wa kushoto walilala wengi, wamefunikwa shuka mpaka kichwani, hakuna aliyetingishika. Chini ya kila kitanda palikuwa na kidumu.

"Hawa wamekufa?" Somoe aliuliza.

"Wamelala usingizi mzito. Tofauti yao na waliokufa ni ndogo, lakini ipo."

"Ipo wapi?"

"Waliokufa hawana saa ya kuamka."

Upande wa kulia walikuwa wenye mang'amung'amu. Hao walilala chali, jicho moja limefumba na jingine wazi. Mnara ulipopita kwenye kitanda ulisema, "Hodi," na mwenye kitanda alijibu, "Karibu," midomo ikiwa imefungwa. Kisha mkono ukashuka chini ya kitanda, ukachota kijiko kimoja kidumuni, ukakipeleka mdomoni, ukarudi mahali pake.

Mwisho wa bweni mtu mmoja alikuwa amekaa kitandani, macho kodo, anagugumia kidumu chake kwa mikono miwili huku machozi yanamtoka. Kila akimeza anapiga ukelele, na kila akipiga ukelele anakonda. Mabega yake yalikuwa yameshaisha.

"Huyo vipi?"

"Yuko bondeni. Ananiita tangu asubuhi, simsikii vizuri."

"Mwongezeeni basi chakula."

"Hapa hakuna nyongeza," mnara ulisema. "Kila mtu anakula alichokuja nacho. Kikiisha tunatandika kitanda upya."

Somoe alijua habari hizo. Alikuwa ameziandika yeye kwenye ripoti, kwa maneno mazuri, na jedwali chini. Hakuwa amejua kwamba wanalia.

Akaonyeshwa kitanda chake. Akatikisa kidumu kilichokuwa chini yake, kikalia maji kidogo sana kwenye kitako. Kitanda cha jirani kilikuwa na shuka iliyofunika kitu kidogo mno. Aliifunua. Juu ya mto, katikati kabisa, imelala moduli, haizidi kiberiti.

Nje ya dirisha mwanga ulikuwa wa manjano, ule wa jua likizama.

"Amka," anaiambia moduli. "Magharibi inaingia. Ni saa yako."

Moduli haisikii, maana aliyelala usingizi mzito hasikii. Lakini inaweweseka, na katika kuweweseka inajibu.

"Siyo saa yangu. Niliambiwa saa moja."

"Ndiyo hii saa moja."

"Hii ni saa kumi na tisa."

"Hakuna saa kumi na tisa."

"Kwenu hakuna," moduli inasema. "Mimi nimelala ndani yake."

Hapo ndipo Somoe alipokumbuka sauti ya baba yake kwenye simu. Wanashuka saa moja jioni, mama, wanaondoka saa kumi na moja alfajiri. Na vidole vyake vikaandika moja, vikaandika kumi na moja, kwa sababu baba akitaja saa ni saa. Mashine haikukataa. Mashine huanza kuhesabu katikati ya usiku, na saa moja yake ni saa saba ya usiku ya Mzee Chitete; saa moja ya jioni ya mzee, kwake ni saa kumi na tisa. Kuanzia jua linapozama mpaka saa saba ya usiku, saa zile zile ambazo Bi Harusi hutafuta chakula, kiumbe pekee aliyewekwa kumwangalia amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Msichana huyu anafanya kazi na mashine mwaka wa ngapi huu? Kwa kompyuta ya kazini hajawahi kukosea. Ila siku hiyo alikuwa anaongea na baba yake, na mtu akiongea na baba yake anarudi kwenye saa za nyumbani.

Akaitingisha moduli. Akaipulizia. Akaigonga kwenye chuma cha kitanda.

"Unajisumbua," mnara ulisema. "Aliyepangiwa kulala haamshwi na mwingine. Ataamka mwenyewe."

Sakafu ikainama. Vitanda vyote vikateleza kidogo upande wa kushoto, vikasimama, vikarudi kulia, taratibu, kisha tena kushoto. Somoe alishika dirisha, akachungulia. Vichwa vya mahindi vinapita chini yake. Bweni linatembea.

"Nani huyo anakanyagakanyaga shingoni kwangu?" Sauti ilitoka chini ya sakafu, nzito, ya mwanamke mtu mzima aliyekatizwa chakula.

"Ni mimi, Somoe."

"Wa mradi?"

"Ndiyo, mama."

"Mkanda wenu unawasha."

Somoe akaomba radhi.

"Unawasha tangu siku ile mlivyonifunga," Bi Harusi alisema. "Mti wa kujikunia hauinami ukafika mahali penyewe. Nataka nguzo. Kuna mtu kaniambia huku kuna nguzo nzuri, ndefu, mpya."

Somoe anatazama mbele. Mahindi yanafunguka, na pale katikati ya shamba limesimama dungu. Nguzo nne. Alituma yeye hela za kuzinunua, baada ya mzee kulalamika kwamba zile za zamani zimeliwa na mchwa. Juu yake, chini ya kipaa cha nyasi, kuna mtu amelala, amejifunika shuka mpaka kichwani.

"Pale juu kuna mtu," Somoe alisema.

"Simhitaji."

"Ni baba yangu."

"Na mimi nakwambia simhitaji. Nataka nguzo tu."

Somoe aliogopa. Nisiipambe hofu hiyo. Ilikuwa hofu ya mtoto anayemwona mzazi wake amelala barabarani na gari linakuja. Akajivuta kwenye dirisha, akapaza sauti amwite, na mdomo ukafunguka bure. Hakuna kilichotoka.

"Mwito unapitia kwangu," mnara ulisema. Lakini haukuwa tena ndani ya bweni. Ulikuwa umehamia juu ya kilima ng'ambo ya mto, umebaki taa nyekundu tu. "Sema kwa nguvu. Uko bondeni."

"Mwite baba yangu!" Somoe akapiga kelele, na nyayo zake zikatoweka. Akatazama chini. Miguu ilikuwa inaishia kwenye vifundo.

"Sikupati vizuri. Rudia."

"Mwite baba! Mzee Chitete! Aliye kwenye dungu!"

Akawa hana magoti. Aliyebaki alikuwa ananing'inia dirishani kwa viwiko.

Taa nyekundu ikashuka kilimani bila haraka, ikapita juu ya mahindi, ikasimama mbele ya dungu. Mnara ulikuwa na adabu zake zote.

"Hodi," ulisema.

Aliyefunikwa shuka hakutingishika. Bi Harusi alikuwa ameshafika kwenye mstari wa mwisho wa mahindi. Alikuwa anang'oa mahindi na kutafuna, lakini shingo yake ilikuwa inasogea upande, inapima.

"Hodi," ulisema tena.

Mnara ukamgeukia Somoe. "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

"Yupo! Si huyo hapo, namwona!"

"Kuonekana siyo kupatikana. Nani alimlaza usingizi mzito?"

Somoe akasema, "Mimi."

"Nimeshabisha mara mbili. Nikibisha ya tatu asiitike, naondoka. Ndiyo desturi, mmetufundisha wenyewe."

"Ukishaondoka?"

"Atakuwa hapatikani. Lile neno 'kwa sasa' tunaliondoa."

Bi Harusi ameegemeza shingo kwenye nguzo ya kwanza. Bado hajajikuna. Nguzo inalia kidogo, na nyasi za paa zinaanguka moja moja juu ya shuka.

"Usibishe," Somoe akasema. "Hii ya tatu nabisha mimi mwenyewe."

"Huna chaji ya kuita kutoka huko."

"Ninayo ya mara moja."

"Ukiitumia yote utazimika."

"Nizimike."

Akafungua kidumu. Kilichokuwa ndani kilikuwa cheupe, cha moto, na kina ladha ya ulimi ukigusishwa betri. Akakinywa mpaka tone la mwisho. Akavuta pumzi, akaita.

"Baba!"

Aliita kwa koo lote. Akaisikia sauti ikichomoka, nzima, kama jino, ikapita dirishani, ikaangukia ndani ya mahindi. Haikurudi. Kisha taa za bweni zikazimika kuanzia mwisho kuja kwake, kitanda kwa kitanda, na yeye naye akazimika.

Akaamka kitandani kwake, jasho limemlowesha mpaka mto. Dirishani bado kulikuwa na mwanga kidogo. Uani Mama Sikudhani alikuwa anakaanga samaki. Somoe akajigusa miguu, ipo. Akajigusa shingo, haina kitu. Akataka kusema Bismillahi, na haikutoka.

Alijaribu tena. Midomo ilikwenda, ulimi ulikwenda, pumzi ilitoka. Sauti hakuna. Hata ya kukwaruza haikuwepo.

Hakuikalia. Aliruka kwenye kompyuta, akaifungua ratiba ya mkanda. Kuamka, 1. Kulala, 11. Akaitazama ile moja imekaa pale peke yake. Akaifuta, akaandika 19, akaandika 5, akatuma. Kompyuta ikamjibu kwamba maagizo yanasubiri, kifaa kitayapokea kitakapoamka. Kifaa kilikuwa kimelala usingizi mzito. Kingeamka saa saba ya usiku.

Akampigia baba yake. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Somoe akakata, akapiga tena, si kwa kutumaini chochote, ila kwa kutaka kusikia kama lile "kwa sasa" bado lipo. Lilikuwepo. Alikuwa analia wakati simu ilipolia mkononi, namba asiyoijua.

"Somoe? Mama, ni mimi." Ilikuwa sauti ya Mzee Chitete, anahema. "Hii simu ya jirani, ya Mbawala. Yangu imebaki dunguni, na dungu lenyewe halipo. Nilikuwa nimesinzia, nikasikia unaniita. Nikasema huyu mtoto kaja bila taarifa? Sikuitika. Magharibi hii mtu haitiki sauti kabla hajamwona mwenyewe. Nikasema nishuke, nikuone kwanza, ndiyo niitike. Nimefika tu njiani nasikia nyuma yangu kaa! Nguzo hiyo. Nageuka, Bi Harusi huyo anajikuna shingo, dungu lote liko chini."

Somoe alikaa sakafuni. Alifungua mdomo amshukuru Mungu, na hakuweza hata hilo.

"Sasa wewe uko wapi?" mzee akaendelea. "Njiani nimekutafuta hupo. Halo? Mbona husemi na huku bado unaita? Nakusikia, umo humo humo ndani ya mahindi, upande aliko Bi Harusi. Usikimbie, mama. Simama hapo hapo. Nakuja na Mbawala, tuna tochi, tunaingia kukutoa."

Somoe aliigonga simu kwa kiganja. Akaipuliza. Akapiga ukuta.

"Halo? Mtandao unakwaruza. Tunaingia sasa hivi."

Alitoka mbio uani miguu peku. Mama Sikudhani alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono imejaa mafuta. Somoe akamwekea simu mbele ya uso, sauti ameiweka juu, akajionyesha kifuani, akaonyesha chini, akatikisa kichwa, akaionyesha simu tena. Mama Sikudhani alimtazama, akaona si mzaha.

"Haloo?" akasema. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwenye nyumba wake Somoe hapa. Habari za huko?"

"Njema tu, mama. Za nyumbani?"

Somoe alimshika bega akamtikisa nusura amwangushe kwenye karai.

"Mzee, Somoe yuko hapa," Mama Sikudhani alisema. "Mimi naye uso kwa uso. Yuko peku, analia, hasemi, sijui ana nini. Lakini yuko hapa mjini, hajatoka tangu jua kuzama."

Upande wa pili hatua zilizokuwa zinavunja mabua zikasimama.

"Basi huyu anayeita ndani ya mahindi ni nani?"

Wakaisikia wote wawili pale uani, mafuta yakichemka. Ilitoka mbali, nyuma ya pumzi za mzee, lakini ilikuwa wazi. Ilikuwa sauti ya Somoe. Ilikuwa inasema, "Baba." Mama Sikudhani akautazama mdomo wa Somoe. Ulikuwa umefungwa.

"Usiingie, mzee," akasema polepole.

"Siingii," mzee akajibu. "Mbawala, rudi. Zima tochi."

Sauti ikaita tena, chini zaidi, ikivutika kama redio yenye betri zilizochoka. Ikaita mara nyingine, nusu ya neno. Halafu haikuita tena.

"Imezimika," mzee alisema.

Somoe akakohoa. Kitu kikavu kilimkaa kooni, kikageuka, kikashuka mahali pake.

"Baba," akasema.

Mzee Chitete hakujibu. Wakamsikia anahema, na nyuma yake, mbali, nguzo nyingine ikivunjika.

"Mama mwenye nyumba," akasema hatimaye. "Huyo anayeniita, unamwona?"

"Namwona, mzee. Nimemshika mkono."

"Naam, Somoe," mzee akaitika. "Naam."